Kina

Shuleni Umoja, kina kilikuwa sauti
inayorudi mwishoni mwa mstari kama deni.
Chuoni kikawa namba:
kila nukta ya picha iko umbali gani na jicho.
Na mama, jioni, kichwa nje ya dirisha la ghorofa ya tatu:
"Kina Khisa! Ndani!"
Tukaingia, mimi na yeye, miguu myekundu kwa vumbi.

Sasa Khisa yuko wodi ya mgongo, kitanda cha kumi na tisa.
Huu ni mwezi wa saba. Kilichobaki chake ni shingo.
Nimefunga kamera tisa jikoni kwa mama,
moja juu ya friji, mbili kwenye kabati la vyombo,
moja kwa leso kwenye bomba la sinki,
ili avae ile miwani mizito, awe nyumbani
Jumapili, chapati zikigeuzwa.

Tatizo ni mtandao wa wodi. Mwembamba.
Nesi Gathoni anasema hata ujumbe wa sauti huchechemea.
Kamera tisa hazipiti tundu hilo.
Basi nikate. Kazi yangu ndiyo hiyo, kukata
na kuapa kwamba hakuna kilichopungua.

Rangi hukatika kirahisi; jicho husamehe.
Ukungu kidogo kwenye kigae, nani atajua?
Kina hakisamehewi. Picha yake ni ya kijivu,
karibu nyeupe, mbali nyeusi,
mama mzimu wa chokaa mbele ya ukuta wa masizi.
Nikaibana kama ninavyobana rangi,
ukingo wa bega lake ukalainika,
na mama akanata ukutani:
sikio kwenye kalenda ya duka la mbolea,
kiganja kimeyeyukia sufuria.
Khisa alicheka hadi mashine ikalia.
"Mama amekuwa uji."

Nikarudi ofisini, Barabara ya Ngong, usiku.
Vya karibu nikavipa ngazi nyingi,
mwiko, unga, mkono;
vya mbali chache,
dirisha, na nje yake matangi ya maji na nguo za majirani,
vyote vikalala bapa kama stempu.
Picha ya kina nikaipunguza hadi robo, kingo nikazilinda
kama fundi cherehani anavyolinda pindo.
Bado mzigo ulizidi.

Makokha, meza ya pili, alisema bila kugeuka:
"Usikitume kabisa. Tuma picha tu,
miwani ya huko ikikokotoe yenyewe."
Nilikataa. Kisha nikajaribu.
Kina hakikusafiri. Kilizaliwa upya kitandani,
kwa kulinganisha jicho hili na lile,
kama tufanyavyo sote bila kulipia bando.

Jumapili mama alivaa rinda la kanisa,
akazisemesha kamera kama wageni.
Khisa akainamisha shingo upande,
si ule upande wa kutotaka;
huu ulikuwa mwendo wote aliobakiwa nao.
Shibiri moja, kushoto.
Bega la mama likasogea, ukuta ukabaki nyuma,
na kati yao pakawa na hewa.

Akaendelea. Alitafuta nyuma ya mlango,
pale tulipochora urefu wetu kwa msumari,
yeye akinizidi kila mwaka.
Kwanza palikuwa shimo, jeusi, lenye meno:
hakuna kamera iliyopaona, sikuwa nimefikiri.
Kisha programu ikapajaza, kwa adabu,
ukuta safi usio na mkwaruzo,
kana kwamba hatukuwahi kukua.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Khisa hakusema kitu. Shingo ikarudi katikati.

Ndipo mama, akizima jiko,
akaita kwenye kamera isiyo yake:
"Kina Khisa!"
Na mimi, wodini, kando ya kitanda, nikasimama.

Kesho nanunua kamera ya kumi.
Nitaifunga chini, usawa wa goti.
Sijui nitakata nini. Dirisha, labda.
Majirani watanisamehe.